Nyumba za watu wenye ulemavu wa akili haziongozwi kwa karatasi

Mhariri,

Hivi karibuni mzazi mmoja kutoka Thika aliandika katika ukurasa huu wa barua akieleza kwamba binti yake, ambaye kwa miaka minne amekuwa akifanya kazi ya "kulinda wendawazimu" katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, sasa ameombwa awe msimamizi wa nyumba nzima, na akawauliza wasomaji kama hicho ni cheo cha kujivunia au ni mzigo uliovishwa jina zuri. Mimi ni mzaliwa wa Voi, ninaishi Lowell katika jimbo hilohilo, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 11, minne ya mwanzo nikiwa mfanyakazi wa zamu na saba iliyofuata nikiwa msimamizi. Naomba nafasi nimjibu mzazi huyo, kwa sababu swali lake ni zito kuliko alivyolichukulia, na kwa sababu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaosimamia nyumba hizi ni wengi, ila mambo yake huwa tunayazungumza kwenye simu tu, tena tukiwa ndani ya gari tukienda zamu nyingine.

Nianze na neno alilolitumia. Wanaoishi katika nyumba hizi si wendawazimu. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, hata profesa, na wengi hutibiwa wakapata nafuu. Ulemavu wa akili huanza kabla mtu hajafikia utu uzima, nao unahusu namna anavyojifunza, anavyoelewa mambo na anavyojimudu katika shughuli za kila siku. Hauondoki kwa vidonge kwa sababu si ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kimoja si kingine. Wamarekani wenyewe walilazimika kurekebisha lugha yao, kwani sheria ya shirikisho ya mwaka 2010, ijulikanayo kama Sheria ya Rosa, iliondoa katika sheria zao jina la zamani ambalo lilikuwa limegeuka tusi mitaani. Simkosoi mzazi wetu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mfanyakazi anayeamini kwamba kazi yake ni kulinda wendawazimu ataifanya kweli kazi ya ulinzi, atafunga milango na kuhesabu vichwa, na msimamizi atakayemkuta na imani hiyo itambidi aing'oe kwanza kabla ya kumfundisha lolote.

Nyumba ninayoisimamia haina kibao mlangoni. Ni nyumba ya mbao kama nyingine zote mtaani, yenye baraza mbele na theluji ya kuzolewa wakati wa baridi, na ndani yake wanaishi watu wazima watano, kila mmoja na chumba chake, wakisaidiwa na wafanyakazi wa zamu usiku na mchana. (Ili kulinda faragha yao nimebadilisha mambo madogomadogo katika mifano nitakayoitoa.) Nyumba za namna hii zilikuja baada ya aibu kubwa. Kwa miongo mingi watu kama hawa waliwekwa katika taasisi kubwa zilizojengwa mbali na macho ya watu, na mojawapo, Willowbrook katika kisiwa cha Staten Island mjini New York, ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 4,000 lakini ikafikia kuwa na zaidi ya 6,000, hadi mwaka 1972 kamera za televisheni zilipoingia zikaonyesha nchi nzima watu walioachwa uchi sakafuni. Willowbrook ilifungwa mwaka 1987. Hapa kwetu Massachusetts, taasisi ya Fernald, iliyoanzishwa mwaka 1848 na baadaye kuhamishiwa Waltham, ilibakiwa na watu wachache hadi mkaazi wake wa mwisho alipoondoka mwaka 2014. Katikati ya miaka hiyo fedha za Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, ziliruhusiwa kuanzia mwaka 1981 kulipia huduma nje ya taasisi, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Olmstead, ikaamua kwamba kumtenga mtu kwenye taasisi pasipo sababu ni ubaguzi.

Historia hiyo inamhusu moja kwa moja binti wa Thika. Katika taasisi kubwa uovu ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa chini ya paa moja, na aliyetaka kuuona aliweza kuuona. Leo watu wametawanywa katika maelfu ya nyumba ndogo, ambalo ni jambo jema kabisa, lakini maana yake ni kwamba saa mbili usiku, mlango ukiwa umefungwa na mvua ikinyesha, maisha ya watu watano yanategemea wafanyakazi wawili waliochoka ambao hakuna anayewaona. Kampuni inayoendesha nyumba ina sera za kujaza kabati, serikali ina wakaguzi, jamaa huja Jumapili. Yote hayo hayamo jikoni saa mbili usiku. Kilichomo ni tabia ya wale wawili, na tabia yao kwa sehemu kubwa huumbwa na namna msimamizi wao anavyowatendea. Nilichukua miaka mingi kulielewa hilo, na nililielewa kwa kukosea.

Nilipopewa usimamizi nilifanya walichofanya wote niliowahi kuwaona: nilibandika matangazo. Mlango wa friji ulikuwa na matangazo saba, yote kwa herufi kubwa, yakikataza hiki na kuamuru kile, na lipo moja nililoliandika nikiwa na hasira kuhusu sponji za kuoshea vyombo. Siku moja dada wa mmoja wa wakaazi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alikuja kumtembelea ndugu yake, akasimama mbele ya friji akayasoma yote taratibu, kisha akaniuliza kwa upole: "Hii ni jikoni ya nani?" Sikuwa na jibu. Kanuni ya serikali ya shirikisho iliyotolewa mwaka 2014 kuhusu nyumba hizi inasema mkaazi awe na haki ya kufunga chumba chake kwa ufunguo, kupata chakula wakati wowote autakao na kupokea wageni saa yoyote, na kama haki hizo zitapunguzwa, basi sababu iandikwe na ikubaliwe katika mpango wake binafsi. Mimi kanuni hiyo nilikuwa nimeifanyia mtihani nikafaulu. Hata hivyo wakaazi, ambao kwa lugha yetu ndio wenyeji na sisi ndio wageni, walikuwa wakifungua friji yao huku wakitazamana na makaripio niliyoyaelekeza kwa watu wengine. Wengi wao hawajui kusoma, lakini karipio halihitaji kusomwa.

Matangazo ni ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa wa usimamizi katika nyumba hizi ni fomu. Walimu wa kazi hii hutaja mambo manne yanayowaua watu wenye ulemavu wa akili ilhali yangeweza kuzuilika: kupaliwa, au chakula kuingia mapafuni; upungufu wa maji mwilini; kufunga choo; na kifafa. Watu hushangaa wakisikia kwamba kufunga choo kunaua, lakini mtu asiyeweza kusema tumbo linamuuma, ambaye hatembei sana na ambaye dawa zake nyingi hukausha utumbo, anaweza kuziba kwa siku kadhaa hadi akafikishwa hospitalini akiwa hoi. Kwa hiyo kila nyumba ina fomu ambayo mfanyakazi wa kila zamu huandika nani amepata choo na kilikuwaje. Mwaka wangu wa pili wa usimamizi fomu zetu zilikuwa safi hata mkaguzi akazisifu. Wiki moja baadaye niliingia asubuhi na mapema nikamkuta mzee mmoja amekunja magoti kitandani, tumbo lake likiwa gumu kama ngoma, huku fomu ikionyesha kwamba alipata choo kila siku, zamu zote tatu, alama moja, wino mmoja. Tulimwahisha hospitalini na alipona. Niliporudi nilitaka kumfukuza mtu, ila nilipoitazama tena ile fomu nikaona sahihi yangu chini yake, sahihi ya msimamizi aliyeihakiki bila kumuuliza mtu hata mmoja swali moja. Nilikuwa nimewafundisha wafanyakazi wangu, bila kutamka, kwamba ninachokihitaji ni fomu iliyojaa, nao walinipa fomu iliyojaa.

Tangu siku hiyo fomu naitazama mwishoni, baada ya kumuuliza anayetoka zamu kwa mdomo: "Mzee jana alikula nini, na leo tumbo lake ukiligusa likoje?" Anayejua atakujibu kabla hujamaliza swali. Asiyejua utamwona machoni, na hapo ndipo kazi yako ya siku hiyo inapoanza.

Sasa nije kwa lile ninalotaka binti wa Thika alibebe kuliko mengine yote, nalo linamhusu mama mmoja niliyekuwa nikimsimamia, mwenye umri wa mama yangu, ambaye tulisali kanisa moja. Wasomaji wanajua ugumu huo. Katika kampuni hizi jamaa humwingiza jamaa, muumini humwingiza muumini, na kijana wa miaka 30 anajikuta akimsimamia mtu ambaye nyumbani angempokea mzigo na kumpisha kiti. Mama huyo alikuwa akimlisha chakula cha jioni bwana mmoja ambaye maagizo yake yanataka chakula kikatwe vipande vidogo, alishwe polepole, ameze kwanza ndipo apewe kijiko kingine. Mama alikuwa akimharakisha. Nililiona kwa dirisha siku moja nilipokuwa nikiegesha gari: kijiko, kijiko, kijiko, na bwana yule akikohoa. Kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama maneno hayo usoni, nilijificha nyuma ya barua pepe niliyowatumia wafanyakazi wote, ya kuwakumbusha taratibu za kulisha. Wiki iliyofuata mambo yalikuwa yaleyale. Nikapanga mafunzo ya saa mbili, wote wakaweka sahihi. Bado yaleyale.

Mwishowe nilijipanga kwenye zamu yake, si kama mkaguzi bali kama mfanyakazi wa pili, nikavaa aproni. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jioni nikafahamu. Muda huohuo dawa za watu watatu zinatakiwa zitolewe, na anayetoa dawa hapaswi kusumbuliwa, kwa hiyo yuko peke yake mbele ya kabati. Gari la mkaazi mmoja anayerudi kutoka shughuli zake za mchana linafika mlangoni, na lazima mtu atoke akampokee. Simu ya nyumba inalia. Na katika muda huo anayebaki mezani ana watu wawili wa kulisha, mmoja wao akiwa yule bwana, na chakula kinapoa. Mama hakuwa katili wala hakuwa mjinga. Alikuwa amepewa dakika 40 za kazi ndani ya dakika 15, na aliyempangia hivyo ni mimi. Nilipomwambia, "Mama, samahani, sikujua," alinitazama akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, mimi nilidhani ofisini mnajua, na mmeamua tu." Zamu tatu baadaye tulikuwa tumebadilisha saa ya chakula cha jioni kwa nusu saa, na mfanyakazi aliyekuwa akianza saa kumi na mbili akawa anaanza saa kumi na moja. Kampuni ilinung'unika kuhusu saa hiyo moja ya ziada nami nikaipunguza asubuhi, wakati ambapo watu watatu walikuwa wakisimama jikoni bila kazi. Bwana yule sasa anakula chakula chake kwa dakika 35, na mama hamharakishi.

Ninaamini kabisa kwamba makosa mengi tunayoyaita ya wafanyakazi ni makosa ya mpangilio, na mpangilio huo hauonekani kutoka ofisini hata kwa mtu mwenye nia njema. Msimamizi asiyefanya walau zamu moja nzima kila mwezi katika kila kipindi cha siku, ikiwemo ile ya usiku wa kuamkia Jumatatu, anasimamia nyumba iliyoko kichwani mwake.

Jambo la dawa linafanana na hilo. Massachusetts inaruhusu wafanyakazi wasio wauguzi kutoa dawa baada ya kusoma na kupewa cheti cha mpango maalumu wa jimbo, na akitokea mfanyakazi amekosea, iwe ni kipimo, muda au mtu, anatakiwa apige simu mara moja kwa muuguzi, mfamasia au daktari aulize afanyeje, kisha kosa liripotiwe. Utaratibu huo ni mzuri. Unaharibiwa na msimamizi ambaye akipigiwa simu saa nne usiku jambo lake la kwanza ni, "Umefanya nini tena?" Katika nyumba moja niliyofanya kazi zamani, mwenzetu aliyejiripoti alisimamishwa siku hiyohiyo, na kwa miezi sita iliyofuata nyumba hiyo haikuwa na kosa hata moja la dawa kwenye kumbukumbu. Msomaji anaelewa kilichotokea. Vidonge vilikuwa vikiishia kwenye sinki. Kwangu mimi anayepiga simu husikia kwanza "Asante kwa kunipigia, mkaazi yukoje?", halafu tunafuata utaratibu hatua kwa hatua, na kesho yake tunaketi kutafuta kwa nini dawa za watu wawili wenye majina yanayokaribiana ziliwekwa rafu moja. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo ripoti za makosa ziliongezeka maradufu, na bosi wangu aliniita kuniuliza kama nyumba imenishinda.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila kitu ni mpangilio. Kumpiga mtu si mpangilio. Kumtukana, kumnyima chakula, kumfungia chumbani, kumchukulia pesa zake za matumizi, hayo hayatibiwi kwa kusogeza zamu. Sheria ya jimbo hili inamlazimu kila mmoja wetu anaposhuku kwamba mtu mwenye ulemavu wa umri wa miaka 18 hadi 59 amedhulumiwa na anayemhudumia, aripoti kwa tume inayowalinda watu wenye ulemavu, na sheria iliyotiwa saini mwaka 2020, inayoitwa Sheria ya Nicky, iliunda orodha ya wahudumu waliothibitika kudhulumu ili wasiajiriwe tena mahali pengine. Hapo ndipo undugu wetu unapokuwa mtihani. Niliwahi kuripoti mtu wa kwetu. Jioni ya siku ya pili wazee watatu walikuja nyumbani kwangu na mkate na maziwa, wakaketi, wakaanza kwa mbali kama ilivyo desturi, mpaka wakafika: mtoto wa mwenzetu ana familia, ana deni la nyumba anayojenga Kenya, haya mambo tungeyamaliza kinyumbani. Niliwaheshimu, niliwapikia chai, na niliwaambia kwamba aliyekunjwa mkono hadi ukavimba hana wazee wa kumsemea. Hawakukasirika waziwazi. Lakini harusi mbili zilizofuata sikupata kadi, na binti wa Thika ajue mapema kwamba gharama hiyo ipo na hailipwi na kampuni.

Liko pia suala la lugha, ambalo wenzetu wengi hawapendi lisemwe. Nyumba nyingi zamu nzima ni ya Waswahili, Wakikuyu au Waganda watupu, na wawili wakikutana jikoni ni kawaida kwao kuongea lugha yao. Mimi pia hufurahi. Ukikaa saa nane bila kucheka kwa Kiswahili unakauka. Lakini tulikuwa na kijana asiyezungumza ambaye kila jioni, bila sababu iliyojulikana, alianza kujipiga sikio, na daftari la zamu likajaa maneno "tabia imejitokeza, hakuna kichocheo". Kichocheo kilikuwa sisi. Watu wawili wanasonga ugali juu ya kichwa chake, wanacheka, wanamtaja jina mara mbili tatu, naye haelewi kama anasemwa kwa wema au kwa ubaya. Sikupiga marufuku Kiswahili, na sishauri msimamizi yeyote afanye hivyo, kwa sababu marufuku humfuata mtu hadi bafuni na hapo utazua uadui mwingine. Niliomba jambo moja tu: yeyote anayepika amweke kijana yule karibu, amsimulie kwa Kiingereza anachokifanya, unga sasa, maji sasa, moto, na kama tunacheka, tumwambie tunachekea nini. Kujipiga hakukwisha kabisa, lakini kulipungua kiasi kwamba daktari wake alianza kuuliza kama dawa moja inaweza kupunguzwa.

Msimamizi vilevile ndiye anayepaswa kuwapa wafanyakazi habari za maisha ya mtu, maana faili nene haisomwi na anayeanza kazi Ijumaa. Tuna mzee aliyelelewa tangu utotoni katika taasisi kubwa, ambaye kila usiku huficha kipande cha mkate chini ya mto. Wafanyakazi wapya waliutupa na kumkemea kwa uchafu, naye akawa anawarushia vitu. Aliyekulia mahali ambapo mwenye nguvu ndiye aliyekula hawezi kulala bila akiba. Sasa anapewa mkate wake kwenye mfuko safi wa karatasi kila jioni, na kila anayeajiriwa huelezwa sababu yake katika saa yake ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata mahali pa kutundika koti.

Tatizo ni kwamba hao wanaoelezwa hawakai. Katika takwimu zinazokusanywa kutoka majimbo mbalimbali ya Marekani, wafanyakazi wanaoacha kazi hizi kila mwaka huzunguka asilimia 40. Mshahara ndio sababu kubwa, nao hautokani na roho mbaya ya kampuni pekee, kwa kuwa malipo ya huduma hupangwa na serikali na kampuni haiwezi kumtoza mkaazi zaidi. Kwa mtu ambaye anaogeshwa na kuvalishwa na mikono ya wengine, asilimia hiyo ni watu wapya wanne katika kila kumi wanaomvua nguo kila mwaka. Msimamizi hawezi kupandisha mshahara, na asiwadanganye watu wake kwamba atajaribu. Anachokimiliki ni ratiba. Wengi wetu tuna kazi mbili. Mtu anatoka kwangu saa tano usiku na kuanza zamu ya kukesha kwingine saa sita, na hapaswi kuondoka kabla anayempokea hajafika, kwani kuwaacha wakaazi peke yao ni kosa kubwa. Kwa hiyo ratiba inayobandikwa siku tatu kabla, kisha kubadilishwa kwa ujumbe wa simu, inaharibu kazi mbili kwa mpigo pamoja na usingizi wa mchana wa mtu mwenye watoto. Mimi hutoa ratiba wiki tano kabla, na nikiibadilisha naomba, siamuru, na aliyenikubalia namkumbuka Krismasi inapofika. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa hakuna aliyeacha kazi katika nyumba yetu. Sisemi ni kwa sababu ya ratiba tu, lakini ndicho kitu wanachonitajia wenyewe.

Kwa hiyo, mzazi wa Thika, cheo hicho ni cha kujivunia, na ni mzigo pia. Mwambie binti kabla hajaweka sahihi aiombe kampuni imwonyeshe ratiba za wiki nane zilizopita za nyumba hiyo, si iliyopangwa bali iliyofanyika, ahesabu ni zamu ngapi msimamizi aliyetangulia alizijaza kwa mwili wake mwenyewe baada ya watu kukosekana. Zikizidi mbili kwa wiki hatapata muda wa kusimamia chochote. Atakuwa mfanyakazi wa zamu mwenye simu isiyolala. Aulize nani hupokea simu hiyo anapokuwa likizo. Aombe kukaa jikoni jioni moja, kuanzia saa kumi hadi saa mbili, bila kuandika kitu, awatazame wakaazi wanapomsikia mfanyakazi akiingia mlangoni, kama wanageuka kumtazama au wanainamisha vichwa. Na tofauti ya malipo aipigie hesabu kwa saa, si kwa mwezi, kwa sababu mara nyingi msimamizi hulipwa mshahara usio na ovataimu na anaweza kujikuta anapata kidogo kuliko anaowasimamia. Wakimkatalia kuiona ratiba, abaki alipo.

Msomaji wenu,
Lowell, Massachusetts